Propela zipi zinafaa boti ya injini mbili inayobeba mzigo?

Mkuku
Ndugu zangu, habari za kazi. Boti yangu ni ya fiba, ina urefu wa futi 26 na injini mbili za nje za nguvu farasi 150 kila moja. Kitabu cha injini kinataka zifike kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 kwa dakika mkono wa mafuta ukisukumwa hadi mwisho. Nikiwa peke yangu zinafika kama 5,500, lakini nikipakia watu wanane na matangi yakajaa, ya kushoto inaishia 5,000 na ya kulia 4,700, na boti inachelewa mno kuinuka juu ya maji. Propela ni za aluminiamu, zenye mapanga matatu. Je, nihamie chuma cha pua?

Fundi wa Tezi
Usinunue chochote kabla hujafungua nati, ukasafisha kitovu na kusoma namba zilizogongwa pale. Ya kwanza ni kipenyo. Ya pili ni hatua, yaani inchi ambazo propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Kila inchi ya hatua unayopunguza huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200. Propela huchaguliwa kwa mzigo unaoubeba kila siku, kwa sababu injini inayolemewa chini ya kiwango chake huchakaa mapema, hata kama inasikika imetulia.

Tafadhali pia usizihamishe kulia na kushoto ili kujaribu. Kama injini zako zinazunguka kila moja kinyume cha mwenzake, jinsi zilivyo nyingi zinazofungwa mbilimbili, propela ya upande usio wake itairudisha boti nyuma ukiwa umeweka gia ya mbele.

Dau Refu
Naafiki, ila mimi ningefikiria mapanga manne. Injini mbili hukaa mbali na mkuku, yaani uti wa boti ulio chini katikati, hivyo kwenye kona kali injini ya upande wa nje huinuka, ikavuta hewa na kunguruma bila kusukuma. Mapanga manne hushika maji vizuri zaidi hapo, na hata wakati wa kuinuka na mzigo, ingawa mwendo wa juu hupungua kidogo. Kwa kawaida hatua nayo hushushwa inchi moja.

Mkuku
Nimefungua leo asubuhi. Ya kushoto imeandikwa 14 × 17, ya kulia 14 × 19! Aliyeniuzia boti hakuniambia, nami nimeiendesha hivyo miezi saba.

Fundi wa Tezi
Basi ile tofauti ya 300 imejieleza. Weka 17 kulia pia, kisha pima na watu wako wote wanane. Zikibaki karibu na 5,000, shusha zote mbili hadi 15, lakini hakikisha kwamba ukiwa peke yako hazivuki 6,000.