Sadaka ya Sabato katika Hesabu 28: je, inatuagiza kutoa maradufu?

Swali

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Katika kipindi cha Biblia tulisoma Hesabu 28:9-10, ambapo Waisraeli waliagizwa kutoa kila Sabato wana-kondoo wawili wa mwaka mmoja wasio na dosari, pamoja na unga mwembamba uliochanganywa na mafuta na sadaka ya kinywaji. Kwa kuwa kila siku walikwisha kutoa wawili, mmoja asubuhi na mwingine jioni, siku ya Sabato idadi ilifika wanne. Aliyekuwa akitufundisha alihitimisha kwamba Mkristo naye anapaswa kuongeza kilichomo ndani ya bahasha yake maradufu siku ya ibada. Je, andiko linabeba hitimisho hilo?

Mwalimu wa Biblia

Amina. Idadi ni sahihi, ila mwalimu wenu hakuuliza ni nani aliyegharimia wana-kondoo hao. Hawakuletwa na kila nyumba, bali walikuwa sadaka ya taifa zima. Tunasoma katika Nehemia 10:32-33 kwamba watu waliorudi kutoka uhamishoni walijiwekea sharti la kutoa theluthi ya shekeli kwa mwaka, ili ipatikane mikate ya wonyesho, sadaka ya daima (yaani ile ya kila siku) na sadaka za Sabato. Kabla yao, mfalme Hezekia alitenga fungu la mali yake mwenyewe kwa kazi hiyo hiyo (2 Mambo ya Nyakati 31:3), na katika maono ya Ezekieli 46:4 mzigo wa Sabato, yaani wana-kondoo sita na kondoo dume mmoja, umewekwa juu ya mkuu, yaani mtawala wa watu. Anayetaka kuitumia sura hii kuhimiza utoaji na aanze na wenye nacho, asianze na mama anayeuza mboga.

Mtunza hazina wa usharika

Naafikiana na mwalimu, na ningependa tuangalie jinsi aya ya 10 inavyomalizika: sadaka ya Sabato ilitolewa zaidi ya ile ya daima. Haikuwa mbadala wake. Makuhani hawakuruhusiwa kulimbikiza ibada ya siku sita na kuilipia siku ya saba, jambo ambalo, nikisema kweli, wengi wetu tunalifanya. Tena, katika sadaka ya mwezi mwandamo inayofuata, yupo mbuzi wa sadaka ya dhambi (aya ya 15), lakini katika ile ya Sabato hatajwi kabisa. Kwa maoni yangu, inatosha kutuonya tusiihubiri sadaka ya siku ya ibada kana kwamba ni faini. Paulo naye, alipowaandikia Wakorintho kuhusu mchango wa watakatifu, alimtaka kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake (1 Wakorintho 16:2), na kadiri hiyo hailingani kwa watu wote.

Mwuliza swali

Nawashukuru. Kwetu wapo wanaoleta mayai, ndizi au kuku, na baada ya ibada hunadiwa nje ya kanisa. Mara nyingi mwenye fedha hununua mkungu wa ndizi kwa bei kubwa, kisha akamrudishia bibi aliyeuleta. Je, huo nao ni utoaji unaolingana na tuliyoyasoma?

Mwalimu wa Biblia

Naona utoaji huo unakaribia Waebrania 13:15-16 kuliko bahasha iliyoongezwa kwa agizo, kwa sababu pale sifa za midomo na kushirikiana na wengine vyote viwili vinaitwa dhabihu. Hekalu lilibomolewa mwaka 70, na Wakristo tunaamini kwamba Kristo alikwisha kujitoa mara moja tu, kwa hiyo hatudaiwi tena wana-kondoo. Hata hivyo, mnunuzi huyo na aulizwe pia anavyopima mizani yake Jumatatu dukani, maana Amosi 8:5 inawakemea wafanyabiashara walioitunza Sabato huku wakingoja iishe ili wauze ngano kwa vipimo vya udanganyifu.