Apdeti imeahirishwa mara mbili, imekuja, na kona yangu haishikiki tena. Ni pingi au ni mbinu?

MlinziWaMlango

Wakuu salaam. Naomba mnisaidie kufikiri, maana wiki ya pili hii nalala na jambo hili na kuamka nalo.

Nacheza gemu ya kufyatuliana risasi, watano kwa watano, upande mmoja unashambulia na mwingine unalinda. Kazi yangu kwenye kikosi haijabadilika kwa miaka mitatu: mimi ndiye mlinzi wa mwisho. Wenzangu wanakwenda kupambana katikati ya ramani, mimi nabaki nimeshika kona, shabaha nimeiweka pale kichwa cha mtu kitakapotokea, nasubiri. Kwenye video za mechi hunioni nikiruka wala nikigeuka hewani. Lakini kusubiri nako kuna ufundi wake. Ujue usimame wapi, usikilize hatua, uhesabu sekunde tangu moshi urushwe, ujizuie kuchungulia hata pale mwili mzima unapokuomba uchungulie. Nimeujenga ufundi huo raundi kwa raundi na ninaupenda.

Sasa apdeti, yaani toleo jipya la gemu. Tuliahidiwa, ikaahirishwa. Ikapewa tarehe mpya, ikaahirishwa tena. Sikunung'unika hata mara moja, na watu wa kikosi changu ni mashahidi. Kitu kisichoiva kisiletwe mezani. Hatimaye imekuja, na orodha ya mabadiliko inasema mambo matatu ya maana: mwendo wa kukimbia umeongezwa kwa sehemu moja ya kumi, bunduki ya kudungua inachelewa kidogo kufungua darubini, na ramani mbili zimefunguliwa njia mpya. Mengine ni mavazi na rangi. Kuhusu mtandao hakuna hata mstari mmoja.

Tangu siku ile nakufa vifo ambavyo sivielewi. Mtu anatokea, jicho langu halijamaliza kumtambua, nimeshaanguka. Nikitazama marudio kwa upande wake, naona alikuwa wazi mbele yangu muda wa kutosha kabisa na mimi nimesimama kama sanamu, sikufyatua hata risasi moja. Kuna nyingine inaniuma zaidi: naona nimesharudi nyuma ya ukuta, niko salama, kisha nakufa nikiwa nyuma ya ukuta.

Mimi huandika kwenye daftari. Katika mapambano 50 ya mwisho ya ana kwa ana kwenye kona kabla ya apdeti nilishinda 31. Katika 50 ya kwanza baada yake nimeshinda 19. Pingi inaonyesha milisekunde 48 kabla na 48 baada. Kompyuta ni ileile, kebo ni ileile. Wenzangu wawili wameshaniambia, kwa upole, nimpishe mtu mwingine nafasi hiyo.

Nauliza: pingi inawezaje kubaki 48 halafu mimi nikawa nachelewa? Na kama kosa ni la mbinu yangu, basi mlinzi anayesubiri ana nafasi tena kwenye gemu hii?

FundiSeva

Mkuu, usimpishe mtu bado. Tuanze na hiyo 48, kwa sababu inawapotosha wengi.

Pingi ni muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, basi. Sehemu yake huwezi kuipunguza kwa lolote: mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 ya kebo inakula milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi. Lakini kati ya mguu wa adui kusogea na wewe kumwona kuna vituo vingine ambavyo pingi haivihesabu.

Seva haifanyi kazi mfululizo, inapiga hesabu kwa tiki, yaani kwa mapigo kama ya saa. Seva ya tiki 64 kwa sekunde inapiga kila baada ya milisekunde 15.6, ya tiki 128 kila 7.8. Kisha kompyuta yako nayo inakuonyesha adui wa muda uliopita, kwa makusudi. Inapokea taarifa za vipande vipande, inaziweka akiba kidogo, ndipo inachora mwendo laini kati ya kipande na kipande. Bila akiba hiyo ungewaona watu wakirukaruka kama picha zilizokatwa. Kwenye gemu za zamani za kampuni ya Valve akiba hiyo ilikuwa milisekunde 100 usipoigusa.

Sasa mtazame anayechungulia. Mwendo wake mwenyewe hausubiri seva. Tangu gemu ya QuakeWorld ya mwaka 1996, kompyuta ya mchezaji hubashiri hatua zake na kuzichora papo hapo. Wewe umesimama, kwa hiyo anapotokea anakukuta palepale ulipo. Yeye ndiye anayekufikia kwa kuchelewa. Tuseme nyote mna pingi 48: milisekunde 24 kutoka kwake hadi seva, 24 kutoka seva hadi kwako, 15 hivi za tiki, na akiba ya 30. Jumla inakaribia 94. Muda wote huo yeye anakuona na wewe humwoni. Hiyo ndiyo faida ya mchunguliaji, na ipo kwenye kila gemu ya aina hii.

Kifo cha nyuma ya ukuta kinatokana na jambo lingine. Mtu akifyatua, seva hurudisha saa nyuma na kuuliza: wakati anabonyeza, yeye alikuwa anaona nini? Kama kwenye skrini yake ulikuwa bado hujajificha, risasi imekupata. Yahn Bernier wa Valve aliueleza utaratibu huu mwaka 2001, na mantiki yake ni kwamba anayelenga sawasawa asinyimwe haki yake kwa sababu ya mtandao. Gharama inamwangukia anayejificha.

Ila hapa ndipo ninapokataa kusema ni apdeti ya mwendo peke yake. Mtu akikimbia mita 5 kwa sekunde, katika milisekunde 94 amesogea sentimita 47. Ukimwongezea sehemu moja ya kumi, amesogea 52. Sentimita tano, mkuu. Haziwezi peke yake kukutoa 31 hadi 19. Kuna kitu kingine.

Mtafute rafiki, mkae chumba kimoja, kompyuta mbili kando kwa kando, mfungue chumba binafsi kwenye seva ileile mnayochezea. Yeye atokee kwenye kona, wewe simama. Piga video ya skrini zote mbili kwa simu inayorekodi fremu 240, yaani picha 240, kwa sekunde. Kila fremu ni milisekunde 4.2. Hesabu fremu kati ya yeye kukuona na wewe kumwona.

DadaShabaha

Kaka Mlinzi, hesabu za FundiSeva nimezisoma mpaka mwisho na nakubaliana nazo, lakini nitakuambia kitu ambacho fremu 240 hazitakuonyesha.

Mimi nacheza upande wa pili wa kona yako. Mimi ndiye ninayechungulia. Ninapomkuta mlinzi wa aina yako nafurahi, kwa sababu najua atakuwa wapi. Walinzi wengi wanabandika shabaha ukingoni kabisa mwa ukuta, kana kwamba mtu atatokea taratibu, bega kwanza. Sitokei hivyo. Natoka mbio na kwa upana, na unaponiona mimi nimeshaupita ukingo. Shabaha yako iko pale nilipokuwa. Isogeze mbali na ukuta, upana wa mwili mmoja, uniache niingie mwenyewe.

Jambo la pili ni umbali. Kati ya watu wawili wanaotazamana kupitia kona moja, aliye mbali zaidi na kona ndiye anayemwona mwenzake kwanza. Chora kwenye karatasi uone. Ukijibana karibu na ukingo, bega lako linanisalimia kabla hujaona hata kidole changu. Rudi nyuma.

Na la tatu, usiwe peke yako. Mwombe mwenzako mmoja ashike upande mwingine, ili nikitoka nilazimike kumpa mmoja wenu mgongo. Faida yangu ya milisekunde 94 naweza kuitumia juu ya mtu mmoja tu kwa wakati mmoja.

Mwaka 1992 sheria ya mpira ilibadilishwa, kipa akazuiwa kudaka pasi aliyorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Kuna makipa walioanza kujifunza kucheza kwa miguu wakiwa watu wazima, na kazi ya kipa haikufa. Yako pia haijafa.

Mtulivu

Kabla hamjahesabu fremu, angalia kama hiyo 48 imetulia. Mtu mwingine akishusha faili kubwa kwenye laini yako, taarifa zako zinapanga foleni ndani ya ruta na pingi inapanda hadi 120 kwa nusu sekunde, kisha inarudi. Kwenye wastani hutaiona. Waliotengeneza gemu ya Age of Empires ya mwaka 1997 waliligundua hili mapema: wachezaji hawakuuhisi ucheleweshaji wa milisekunde 250 baada ya kubonyeza, ilimradi usibadilike. Kilichowavuruga ni kupishana kwa haraka na polepole. Mkono hujifunza kuchelewa kulikotulia.

Kuhusu kuahirisha, mimi sina imani nako kama wewe. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilipangwa kutoka Aprili 2020, ikasogezwa Septemba, ikasogezwa Novemba, ikatoka tarehe 10 Desemba. Siku nane baadaye ilikuwa imeondolewa kwenye duka la PlayStation, na haikurudi hadi Juni 2021. Tarehe kusogea hakukuambii ndani kulifanyika nini.

MlinziWaMlango

Wakuu, nimerudi na majibu, na mikono inanitetemeka kidogo ninapoandika.

Tumekaa jana na rafiki yangu kuanzia jioni. Mtulivu, nilianza na ushauri wako: laini imetulia, 47 hadi 50 kwa saa nzima, hakuna aliyekuwa akishusha kitu. Kisha tukafanya jaribio la FundiSeva mara 20, tukazihesabu fremu wawili, kila mtu kivyake, ili tusijidanganye. Mara nyingi jibu lilikuwa 31. Yaani kama milisekunde 129. FundiSeva, wewe ulikadiria 94.

Nikaingia kwenye mipangilio nikipitia ukurasa mmoja mmoja. Kwenye ukurasa wa mtandao kuna kipengele cha akiba ya kulainisha mwendo: ndogo, ya kati, kubwa. Mimi niliiweka ndogo miaka mitatu iliyopita na sikuigusa tena. Nimeikuta kwenye ya kati. Rafiki yangu naye, ya kati. Hatukuibadilisha sisi. Tukairudisha ndogo, tukarudia mara 20. Fremu 23. Kama milisekunde 96.

Kwa hiyo wiki mbili nilikuwa namwona kila adui kwa kuchelewa zaidi ya milisekunde 30, juu ya zile ambazo ni za kawaida, na nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba mimi ndiye niliyepungua. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Sina hasira na tarehe. Hata wangeahirisha mara ya tano ningesubiri. Ninachodai ni mstari mmoja kwenye orodha: tumerejesha mipangilio ya mtandao, kagua yako. Waliandika rangi tatu mpya za glavu na hawakuandika hilo. Mtu anayebadilisha mwendo wa wachezaji na kipimo cha kuonekana kwao siku moja, bila kusema, anatunyima uwezo wa kujua nini kimetushinda. Tunabaki kulaumiana ndani ya kikosi.

DadaShabaha, nilitaka kubishana nawe, sikuweza. Nilipitia video zangu kumi za kabla ya apdeti. Hata pale niliposhinda, shabaha yangu ilikuwa imebandikwa ukingoni vilevile, na niliokolewa na watu kukimbia polepole. Nimerudi hatua nne nyuma kwenye kona ya ghala, nimeisogeza shabaha, na mwenzetu mmoja anashika ngazi upande wa kushoto. Inanipa tabu. Mkono unataka kurudi ukutani kila raundi, nami naurudisha.

FundiSeva

Fremu 23 ndizo nilizotarajia. Safi sana kwa kuhesabu wawili. Waandikie watengenezaji, uambatanishe video zote mbili, ya 31 na ya 23. Malalamiko yanasomwa na kusahaulika, lakini video yenye fremu zilizohesabiwa inampa mhandisi mahali pa kuanzia.

DadaShabaha

Hatua nne ni nyingi kwa kona ya ghala, kaka. Ukirudi nne unaonekana kutoka kwenye dirisha la juu. Jaribu tatu.

MlinziWaMlango

Nimewaandikia asubuhi hii na video zimeambatanishwa. Na dada, kweli, jana nilipigwa mara mbili kutoka dirishani na sikuelewa ni kwa nini. Leo nasimama hatua tatu.

Tangu nibadilishe akiba na msimamo nimepigana mapambano 22 kwenye kona, nimeshinda 12. Wale wenzangu wawili hawajataja tena habari ya kumpisha mtu. Yakifika 50 nitaleta daftari hapa.