Kamati ya maadili imenirudishia propozo, wanasema panya 70 ni wengi mno. Msaada wakuu

MtotoWaHandeni
Habari zenu wakuu. Nasoma masters hapa Dar, utafiti wangu ni wa mizizi ya mti mmoja wa kwetu Handeni (jina nalificha kwanza, mnajua tena mambo ya kuibiana topiki) ambao wazee wanachemsha wanampa mgonjwa wa sukari. Nataka kujua vitu viwili, kama una sumu na kama kweli unashusha sukari. Niliandika panya weupe 70, yaani 30 wa kutafuta LD50 (ile dozi inayoua nusu ya panya), dozi tano kila dozi panya sita, halafu 40 wa sukari, makundi matano ya panya wanane wanane. Jana kamati wamenirudishia, pembeni wameandika kwa kalamu nyekundu "R tatu ziko wapi? Kwa nini 70?" basi, hamna maelezo mengine.

Nikiri tu, hiyo 70 niliitoa kwenye tasnifu ya kaka mmoja aliyemaliza zamani na supavaiza alisaini bila neno. Na yule kaka alipita vizuri tu!! Sasa nikipunguza si matokeo yatakosa nguvu? Au ndo zile huruma za wazungu wakati sisi huku mtaani panya tunawawekea sumu ya buku?

Dozi_Kwa_Dozi
Mkuu kwenye LD50 kamati wako sahihi. Huo mtindo wa kuua panya kwa mafungu aliuanzisha Muingereza anaitwa Trevan mwaka 1927, na yeye alikuwa na sababu, dawa kama dijitalisi na insulini enzi hizo kila chupa ilikuja na nguvu yake hivyo ilibidi zipimwe kwa usahihi. Wewe unataka kujua tu kama chai ya mizizi inaua au haiui, namba kamili ya nini? OECD, ile jumuiya ya nchi tajiri inayotoa miongozo ya kupima sumu, walikuwa nayo kwenye miongozo yao, namba 401, wakaifuta 2002. Huyo kaka yako alinakili kwa mwingine naye mwingine alinakili kwa mwingine, ndo hivyo inavyotembea.

Tumia mwongozo wao namba 423. Unachukua panya watatu, majike, unawapa dozi moja. Dozi za kuanzia zimepangwa, 5, 50, 300 au 2000 mg kwa kilo, na kwa mti ambao watu wanaunywa miaka yote unaweza kujitetea ukaanza na 2000. Wakipona unachukua watatu wengine dozi ileile. Wakipona na hao basi unaandika LD50 iko juu ya 2000, umemaliza, panya sita. Wakifa wawili au watatu kwenye fungu unashuka 300. Kila panya unamfuatilia siku 14, na kabla ya dozi mnyime chakula masaa matatu manne tu, sio usiku kucha, hiyo ya usiku kucha ni ya wale panya wa aina kubwa (rat).

R tatu zenyewe ni za Russell na Burch, 1959. Ya kwanza kama kazi inafanyika bila mnyama muache mnyama, ya pili kama lazima umtumie tumia wachache, ya tatu hao wachache wasiteseke bure. Wewe kwenye propozo hujaandika hata moja ndo maana ya kalamu nyekundu.

Jamaa_wa_Kompyuta
Kwani 2024 yote imepita bado mnachinja panya? Marekani tangu Desemba 2022 sheria hailazimishi tena dawa mpya ipimwe kwa wanyama kabla ya watu. Weka seli, weka kompyuta, maliza mchezo.

TakwimuBilaMachozi
@Jamaa_wa_Kompyuta sheria kusema si lazima sio kusema imepigwa marufuku, soma vizuri. Na hizo seli za kwenye chupa mara nyingi unazilisha seramu ya damu inayotolewa kwa ndama aliye bado tumboni, ng'ombe akishachinjwa. Kwa hiyo mnyama yupo, ila haonekani.

Lakini OP kuna kitu hapo cha kuchukua. Mimi niko Nairobi, kwetu mwanafunzi hagusi panya kabla ya kupita kwenye testi tubu. Kwa sukari anza na enzaimu, alfa-glukosidasi na alfa-amilasi, hizi ndo zinavunja wanga tumboni, unaona kama mizizi yako inazizuia. Onyo lakini, mti ukiwa unafanya kazi kwa njia ya insulini hapo hautaonyesha kitu, kwa hiyo jibu la "hapana" lisikufanye uutupe. Kwa sumu anza na Artemia, vile vidudu vya maji chumvi wanavyolisha samaki wa mapambo. Mayai yake unayatia kwenye maji ya chumvi, unawasha taa upande mmoja, baada ya siku moja au mbili yameanguliwa na yote yanaogelea kukimbilia mwanga, unavuta kumi kumi kwa dropa unaweka kwenye vichupa vyenye dozi tofauti, kesho yake unahesabu waliokufa. Bei ni ya chai na mandazi. Ekstrakti (dawa uliyoikamua kwenye mizizi) ikiua pale kwa dozi ndogo sana usianze panya na 2000.

Sasa hofu yako ya nguvu ya matokeo. Hofu ni ya kweli na usipunguze ovyo, panya kumi waliokufa bila jibu ni hasara kuliko ishirini na tano wenye jibu. Kuna hesabu ya haraka, jumla ya panya toa idadi ya makundi, jibu liwe kati ya 10 na 20. Wewe 40 toa 5 ni 35, umezidisha. 25 toa 5 ni 20, inatosha. Na panya yuleyule mfuatilie siku ya 0, 7 na 14, tone moja la damu kutoka ncha ya mkia kwenye glukomita, mbona uue kundi zima kila wiki?

Ingine, gawa makundi kwa kura. Watu hutia mkono kizimbani wakitoa anayeshikika kwanza, sasa kundi la kwanza linajaa wazembe na la mwisho linajaa wenye mbio, kisha mtu anasema dawa imefanya kazi.

BiMkubwa_wa_Vizimba
Mwanangu Handeni nisikilize na mie ninayewalea hao panya, miaka 19 sasa. Mnakuja na mahesabu yenu mkifika mnamnyanyua mnyama kwa mkia, anajikojolea hapohapo anapiga kelele, halafu mnamtoboa mnapima sukari. Panya akiogopa sukari inapanda! Unapima mizizi au unapima hofu? Kuna watafiti wa Liverpool walionyesha 2010 kuwa panya akibebwa ndani ya bomba au kwenye viganja viwili anakuwa mtulivu kuliko wa kuvutwa mkia. Kata bomba la plastiki la inchi mbili, urefu kama wa kiganja, moja kila kizimba, liache humo walizoee, ukitaka kumhamisha anaingia mwenyewe.

Jingine ni aloksani, ile kemikali, najua utaitumia kuwatia ugonjwa wa sukari. Ile usiku wa kwanza sukari inashuka ghafla na ndo wanapokufa wengi, asubuhi mwanafunzi anakuja kuniomba wengine kumi. Wawekee maji ya glukosi usiku ule. Wakishakuwa na sukari wanakunywa na kukojoa mno, maranda ya siku tatu kwao ni matope, badilisha kila siku. Na uandike mapema utaacha lini, ukimkuta kajikunja, manyoya yamesimama, hali chakula, huyo usingoje afe mwenyewe ili ujaze daftari, mpumzishe, yaani muue bila kumtesa.

Dozi_Kwa_Dozi
Hii ya glukosi usiku wa kwanza ndo R inayookoa panya wengi kuliko fomula zetu zote 😂 shikamoo Bi Mkubwa

BiMkubwa_wa_Vizimba
Marahaba. Mwambie na aje kuzoeana nao wiki nzima kabla hajashika sindano.

MtotoWaHandeni
Shikamoo Bi Mkubwa, na asanteni wote. Nimekaa leo nimeandika upya. Artemia na enzaimu kwanza, halafu sita wa 423, halafu 25 wa sukari pamoja na watano wa akiba kwa ajili ya aloksani, jumla 36, ikibidi kushuka dozi nitarudi kwa kamati kuomba nyongeza. Supavaiza kauliza hii 423 nimeitoa wapi nikamwambia nimesoma 😅

Mabomba nimeshaenda kwa fundi, nimemwambia anikatie vipande sita vya inchi mbili urefu wa kiganja. Kaniuliza choo gani hicho.