Sahani za Mama Mdogo

[06:52] Rehema: Jamani amkeni. Majibu ya mama mdogo yametoka, platileti 912, mwezi wa tatu zilikuwa 640 na mtu mzima mwisho 450, daktari kasema kwa umri wake wa kuvuka 60 hawezi kuziacha hivyo, haidroksiurea, ile dawa ya kuzipunguza, sasa ni vidonge viwili kwa siku na damu ipimwe tena Jumanne ya tarehe 14. Nataka jina la mtu wa kwenda naye. JINA, sio emoji

[07:30] Rehema: Naona tiki za bluu tu

[08:14] Omari: Kwani si alisema ana damu nyingi

[08:15] Rehema: Sio damu nyingi Omari tumeeleza mara mia. Hizo platileti ni chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata. Uboho wake unazitengeneza bila breki. Zikizidi damu inaganda ndani ya mshipa pasipo na kidonda, ndo kiharusi hicho

[08:17] Bakari: Chembe SAHANI 😂 yaani mama mdogo ana sahani 912 na sisi hapa tunakula kwa zamu

[08:17] Asha: 😂😂 nani ataziosha

[08:18] Rehema: Ni 912 elfu, kwenye kitone kama kichwa cha pini. Chekeni

[08:21] Zainabu: Kwa habari ya sahani, zile za maua za marehemu mama zitarudi lini

[08:22] Omari: Zai tusianze

[08:22] Zainabu: Sijataja mtu

[08:25] Asha: Tulirudisha 9 ukahesabu mwenyewe mlangoni

[08:25] Zainabu: Dazeni haijawahi kuwa 9

[08:31] Rehema: TUNAONGEA DAMU HAPA. Na jingine, nani kampa ibuprofeni ya goti? Anakunywa aspirini ndogo kila siku, ile ya 75, ukichanganya tumbo linaweza kuvuja damu

[08:40] Juma: Alikuwa analia goti ningefanyaje. Halafu si chembe zinagandisha, damu itavuja vipi

[08:42] Rehema: Ndo hapo sasa. Zikipanda sana, hasa zikipita milioni, zinamaliza ile protini inayosaidia damu kushika, kwa hiyo mtu huyohuyo anaweza kuganda na anaweza kuvuja. Daktari alieleza wewe ukiwa kwenye simu yako

[08:44] Asha: Mi nauliza, nipime watoto?

[08:45] Rehema: Kwa kawaida hairithiwi. Hiyo JAK2 yake, hitilafu ya jeni kwenye uboho, kaipatia ukubwani. Ulichorithi wewe ni mdomo

[10:02] Mjomba Hamadi: Nimesoma. Salma ni mdogo wangu nimembeba mgongoni. Mumewe alipoanguka tulikuwa humuhumu tunabishania gari la nani liende, mpaka mkono wa kulia ukafa. Sitaki kusoma tena habari ya sahani.

[13:47] Zainabu: Samahani mjomba

[13:47] Omari: Samahani mjomba

[13:50] Rehema: Kwa hiyo Jumanne?

[14:20] Omari: Mi ningeweza kama ingekuwa mchana

[14:21] Rehema: Damu inatolewa asubuhi Omari

[16:38] Mama Mdogo Salma: Nilikuwa nimelala kumbe mmeandika gazeti. Usiku nyayo ziliwaka nyekundu kama nimekanyaga makaa nikazibandika ukutani kwenye ubaridi mpaka alfajiri, aspirini ndo ilizizima. Juma asigombezwe dawa ya goti niliomba mwenyewe. Vidonge viwili nimeanza. Kliniki naijua njia mwaka wa 6 huu sishikwi mkono, shida ni macho yakianza vile vimulimuli vya zigizaga siwezi kuvuka barabara. Na hizo sahani 3 ziko kabatini kwangu, Asha aliniachia nimtunzie

[16:39] Zainabu: ??????

[16:41] Asha: Mama jamani 😩

[16:44] Rehema: Zai nyamaza kwanza. Juma, Jumanne saa 1 asubuhi uko mlangoni kwa mama yako. Jibu

[19:12] Juma: 👍

[19:12] Rehema: Nilisema sio emoji

[19:26] Juma: Naenda, nikipata ruhusa kazini

[19:26] Rehema: Ukipata?