Mjadala: Land Cruiser 80 au Patrol Y60? Mimi nasimama na Patrol

Ukiomba ushauri wa gari la zamani la kwenda shamba, dizeli isiyo na kompyuta, jibu ni lile lile: chukua Land Cruiser 80, Patrol achana nayo. Nabisha. Nazungumzia Cruiser yenye injini ya 1HZ na Patrol Y60 yenye injini ya TD42 tu. Wenye mashangingi ya turbo subirini mada yenu.

Kwa takwimu hakuna ugomvi mkubwa. 1HZ ina cc 4,164, TD42 ina cc 4,169. Zote silinda sita za mstari, hazina turbo, springi za koili mbele na nyuma. Toyota inatoa nguvu farasi 130 hivi, Nissan inacheza kati ya 115 na 125. Mlima Kitonga, ukiwa na mzigo, Cruiser itakutangulia kidogo. Sawa, ila zote mbili zinapanda pale zikihema.

Kilichonileta hapa ni mkanda. 1HZ inazungusha kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kwa mkanda wa mpira, na Toyota wenyewe waliweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi ikukumbushe kuubadilisha kila kilomita 100,000. Sasa niambieni, gari la 1992 lililopita mikono mitano, nani anaamini kilomita zake? Taa ile mtu anaizima na mkanda haujaguswa. Ukikatika njiani, pistoni zinagonga valvu, na hapo unaongelea kushusha hedi. TD42 haina mkanda huo kabisa: ni gia kwa gia, kamshafti imekaa chini kwenye bloku. Ni ufundi wa kizee, na kwa gari la kizee ndio ninaoutaka.

Wapenda turbo nao wajue: TD42 inaivumilia vizuri, 1HZ ukiilazimisha joto linapasua hedi. Difu sizigusi, mafundi wanajua ya Patrol ilivyo nene.

Jibu:
Mkuu, umeongelea injini, hujaongelea duka. 1HZ iko kwenye Coaster, iko kwenye mkonga (Land Cruiser 70), iko kwenye magari ya watalii pale Arusha. Toyota waliendelea kuifunga kwenye Land Cruiser 70 miaka mingi baada ya 80 kuipisha 100. Nikikwama Mpanda, spea naulizia stendi kwa watu wa Coaster. Wewe na TD42 yako unapiga simu Dar, unalala gesti unasubiri basi lilete boksi. Na huo mkanda si unabadilisha siku ile ile unayonunua gari? Unauweka tarehe kwa maka pen, basi, hadithi imeisha.

Mwanzisha mada:
Kaka, hoja ya spea naipokea nusu. Hiyo ni sifa ya wingi, Patrol haikushindwa barabarani. Na sokoni mara nyingi unaipata kwa bei ya chini kuliko Cruiser ya umri huo. Chenji inayobaki nunua pampu ya maji, gasketi ya hedi, nozeli na mabomba ya rejeta, weka stoo. Ukishafanya hivyo, hilo boksi la kwenye basi unalisubiri la nini?

Anayebeba abiria au watalii kila siku, gari likilala naye hali, achukue Cruiser, sina ubishi naye. Mimi namsemea mtu wa Morogoro mwenye shamba Kilosa, anayetoka mara chache kwa mwezi na ana fundi mmoja anayemwamini. Huyo mnamlipisha jina.

Ombi langu kwa mafundi: aliyewahi kukuta gia za taiming za TD42 zimevunjika aje aseme, na aseme pia oili ya gari lile ilikuwa inamwagwa kila baada ya kilomita ngapi. Maneno ya "nimesikia" tuwaachie madalali.