Mjadala: Programu ya maji tumeiandika wengi, nani mwenye haki ya kubadilisha leseni?

Wa Mkomani, Lamu:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mnaijua programu yetu ya simu inayoonyesha bamvu (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo), na saa za kujaa na kutoka katika mkondo wa Mkanda. Vijana wa Lamu na Malindi wameiandika kwa kujitolea, chini ya leseni ya GPL: anayeisambaza, hata akiibadilisha, lazima atoe na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, kwa masharti yaleyale. Sasa kampuni moja ya watalii inataka kuiingiza katika programu yake na kuufunga msimbo. Msimamizi wetu amekubali kubadilisha leseni. Anasema msimbo umehifadhiwa katika akaunti yake, na yeye ndiye aliyeanza.

Mimi napinga. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, programu ya kompyuta inalindwa kama kazi ya fasihi, na mwenye haki ni aliyeiandika. Kumhamishia mtu haki hiyo kunataka maandishi yaliyotiwa sahihi. Nani kati yetu alitia sahihi? Alichopata msimamizi kwetu ni ruhusa ya GPL, ileile aliyonayo kila mtu duniani. Aliyoandika mwenyewe ayape leseni aitakayo. Yetu atuulize.

Tazameni Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, iliyoanzishwa na Linus Torvalds 1991. Toleo la tatu la GPL lilipotoka 2007, kiini cha Linux kilibaki na toleo la pili. Torvalds hakulitaka la tatu, na hata angelitaka, hakimiliki imetawanyika kwa maelfu ya watu. VLC nao, wenye programu ya kuchezea video, walipoamua 2011 kuhamisha injini yao kutoka GPL kwenda LGPL, leseni yenye masharti mepesi zaidi, kiongozi wao Jean-Baptiste Kempf aliwatafuta wachangiaji mmoja mmoja kuomba ridhaa.

Wa Malindi:
Kaka, hoja zako nazisikia, lakini nani anayelisahihisha jedwali la maji kila mwaka? Msimamizi peke yake, usiku, akishatoka kazini. MySQL, programu ya kuhifadhi data, iliishi kwa njia hii hii: GPL kwa watu wote, na leseni ya kulipia kwa anayetaka kufunga msimbo. Kampuni ya kompyuta ya Sun ikainunua 2008 kwa dola bilioni 1. Sisi tukikataa pesa, programu itakufa na wavuvi watabaki kubahatisha.

Wa Mkomani:
MySQL iliweza kwa sababu kampuni ilihakikisha tangu mapema kwamba inashika hakimiliki ya msimbo wake. Sisi hatukufanya hivyo. Isitoshe, GPL haikatazi kuuza wala kulipwa. Kampuni imlipe msimamizi kwa matengenezo, msimbo ubaki wazi.

Wa Langoni, Lamu:
Mnamsahau marehemu. Yeye ndiye aliyeandika sehemu inayogeuza saa za jedwali kuwa saa zetu, 04:00 ikasomeka saa kumi alfajiri. Mamangu hana haja ya kuhesabu tena. Hakimiliki inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada yake, kwa hiyo hiyo ni mali ya warithi. Ana mjane na watoto. Wakitofautiana, mirathi yetu tunaipeleka kwa Kadhi. Msimamizi amekwenda kupiga hodi kwao?

Wa Shela, mwanasheria:
Naongeza mawili. Aliyesahihisha herufi moja si lazima aulizwe, kwa kuwa sheria inataka juhudi ya kutosha kuipa kazi uhalisi wake. Na aliyeandika akiwa kazini kwa mwajiri atazame mkataba wake, huenda hakimiliki ni ya mwajiri.

Wa Malindi:
Basi tutie sahihi sote leo, tumkabidhi msimamizi haki zote, tusirudie ugomvi huu.

Wa Mkomani:
Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Wachangiaji wa Terraform, programu ya kusimamia mitambo ya kompyuta, walikuwa wametia sahihi mkataba unaoipa HashiCorp, kampuni inayoimiliki, ruhusa pana. Agosti 2023 kampuni ikaiacha leseni huria ya MPL, ikaweka BSL, inayowabana washindani wake, bila kumwuliza mchangiaji yeyote. Watu wakalazimika kuchukua nakala ya mwisho iliyokuwa huria na kuanzisha programu yao, OpenTofu. Hilo liliwezekana kwa kuwa wako wengi. Sisi tuko wangapi? Msimamizi namwamini, ila karatasi hiyo kesho anaweza kuishika mwingine.

Git, chombo tunachotunzia msimbo, inaonyesha kila mstari umeandikwa na nani. Msimamizi atoe orodha, kila mmoja aulizwe, na sehemu ya atakayekataa au asiyepatikana iandikwe upya. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, walipobadilisha leseni 2012, waliondoa michango ya wasiokubali, hata palipobaki mapengo kwenye ramani. Hesabu za mkondo wa Mkanda niliziandika mimi. Jibu langu ni hapana, mpaka kampuni iandike kwamba msimbo utabaki wazi. Wengine mnasemaje?