Kozi, kikundi au kujisomea? Nataka kuandika mambo ya kweli yasomeke kama hadithi

Kalamu_Kavu: Habari wakuu. Miaka miwili sasa nataka kuandika maisha ya marehemu baba, sio riwaya, ni yaliyotokea kweli ila msomaji asisinzie. Kuna kozi za mtandaoni, kuna vikundi vya kusomeana, au nijifungie tu na vitabu. Kipi kinalipa? Muda wangu ni usiku tu.

Bi Rasimu: Mi nilianza na kozi. Kilichonisaidia ni tarehe ya kukabidhi kazi, basi. Maoni ya mwalimu yalikuwa mstari mmoja, "nzuri, ongeza hisia", sasa hisia unaongeza kama chumvi? Kikundi ndo kilinitoa. Niliandika "babu alikuwa mkali", mwenzangu akauliza huo ukali alikuwa anaufanyaje, nikakaa kimya weee, halafu nikakumbuka akikohoa tu mlangoni sisi redio tunazima. Hiyo ndo ikaingia, "mkali" nikafuta.

msomaji_mbishi: Kikundi sawa lkn mkiwa wote mnaanza mtapongezana mpaka basi 😂 Anza kusoma, ila kwa kuchambua. Mchukue John Hersey, mwandishi wa habari Mmarekani, ripoti yake ya 1946 kuhusu bomu la atomiki la Hiroshima, jarida la The New Yorker waliipa toleo zima. Hakuanza na idadi ya waliokufa, kaanza na karani wa kike amekaa mezani kwake anageuza shingo aongee na mwenzake wa pembeni, saa mbili na robo asubuhi, bomu hilo. Nakili kipande kama kile kwa mkono uone kilivyojengwa.

Kalamu_Kavu: Nimekupata. Ila mazungumzo ya baba na mama nikiwa na miaka saba siyakumbuki neno kwa neno, naruhusiwa kutunga?

Bi Rasimu: Usitunge ukayafunga kwenye alama za kunukuu kama vile ulirekodi. Andika "nakumbuka alisema kitu kama hiki", au waulize mama na ndugu zako, na wakipingana andika hivyohivyo kwamba wanapingana, mara nyingi utamu uko hapo.

msomaji_mbishi: Hapo leo tumeelewana.

Kalamu_Kavu: Basi kozi naiweka pembeni kwanza. Bi Rasimu, kikundini mko wangapi?

Bi Rasimu: Wanne. Tulikuwa tisa, ukisomewa leo zamu yako nyingine baada ya miezi miwili, wengine wakachoka. Ntakuulizia, lkn uje na kurasa tatu mkononi, wa kuongea tu tunao tayari.